Bakuli la Asida Lisilo na Mwenyewe

Kwa heshima na taadhima inayostahili, ninawatangazia wasichana wote wa bweni, walimu wao, wapishi wao na paka wa jikoni, kwamba mimi, Mabruka binti Amara wa Kebili, nikiwa katika mwaka wangu wa mwisho wa masomo, nimeletewa bakuli la asida ya Maulidi na mtu asiyejulikana. Bakuli limemiminiwa malai juu na kupambwa kwa lozi nyeupe za sukari. Aliyelileta hakuacha jina. Dalili zote zinaonyesha kwamba ni mtu wa nyumba bora, mwenye mkono mwepesi na moyo uliojaa.

Mtu huyo ni mimi.

Mbegu za msonobari nilizinunua mwenyewe sokoni, nikazisaga kwa mashine ya kahawa ya jikoni, nikazichuja kwa shungi langu la zamani, nikazipika kwenye moto mdogo wakati Khalti Turkia, msimamizi wetu, alipokuwa akisali Alasiri. Khalti Turkia anajua kila kinachotokea bwenini isipokuwa wakati wa sala, na mimi nimeisoma ratiba yake kuliko nilivyosoma fizikia. Nilipomaliza nikalibeba bakuli chini ya koti hadi langoni, nikageuka, nikalirudisha ndani kwa uso wa mtu aliyeshangaa.

Msinicheke bado. Siku ya Maulidi kila nyumba ya mji huu wa Kef inapika asida nyeusi, uji mzito wa mbegu za msonobari, na tangu asubuhi watoto wanapita vichochoroni na mabakuli mikononi kama sisimizi waliobeba sukari. Nyumba hii inapeleka ile, ile inapeleka hii, na bakuli halirudi tupu hata siku moja. Ukikosa cha kutia, unatia sukari. Wasichana wa karibu wanakwenda kwao. Sisi wa kusini, ambao basi lingetufikisha nyumbani likizo imeshakwisha, tunabaki. Wenye shangazi mjini huletewa bakuli langoni. Mimi sina shangazi. Mwaka juzi nilikaa dirishani nikijiambia kwamba wamechelewa. Mwaka jana sikujiambia kitu.

Basi mwaka huu nikafanya mzaha. Mimi ndiye niliyeivalisha shungi ile mifupa ya chumba cha biolojia na kuilaza kitandani kwa Khalti Turkia, akaitakia usiku mwema. Mtu mwenye sifa kama hiyo haonewi huruma na yeyote, na hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Aliyeliona bakuli kwanza ni Sirine, jirani yangu wa kitanda, siku ya mkesha, akifunga begi lake aende kwao.

"Hili nini?"

"Sijui. Nimelikuta langoni lina jina langu."

"Nani kaleta?"

"Bawabu anasema kijana."

"Kijana gani?"

"Sikumwona. Ana gari." Gari niliongeza kwa sababu uongo unaokwenda kwa miguu haufiki mbali.

Sirine aliinama juu ya bakuli, akazitazama zile lozi, akainuka polepole. Akanibusu mashavu yote mawili.

"Hongera, mwenzangu. Na ulivyo msiri, wewe."

Nikaona hongera ni neno kubwa kwa sahani ya asida, lakini nikalipokea. Akaondoka na begi lake. Nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi, kisha lango, kisha bweni lote likawa na ile sauti ya bweni tupu, ambayo ni sauti ya bomba moja linalodondoka mahali usipoweza kulifikia.

Sasa niwaambie habari za Nadhir, kwa sababu uongo wangu ulikuwa na anwani.

Nadhir ni mwanafunzi wa kutwa. Anakaa na mama yake, Lalla Zubayda, mshonaji wa nguo za harusi, mtaa wa chini ya ngome. Akisoma hushika ndewe ya sikio lake, na akisikiliza hukutazama kama mtu anayesubiri chenji yake na hana haraka nayo. Mwanzo wa mwaka, Sidi Mukhtar, mwalimu wetu wa fasihi, alitufunga pamoja kwa kazi moja: tulinganishe msuko na kinaya katika hadithi mbili za kale za upelelezi. Nadhani alitaka kuniweka karibu na mtu mtulivu ili nitulie. Kila Alhamisi tukawa tunakaa chumba cha kujisomea, meza ya dirishani, Khalti Turkia akifuma soksi mlangoni.

Hadithi ya kwanza: tajiri amepotelewa na saa hotelini. Mpelelezi maarufu anaitwa. Anapekua wageni, wapishi, watumishi, anawaliza watu wasio na hatia, anatoa hotuba ndefu. Na saa imo mfukoni mwa koti lake yeye mwenyewe, kwa sababu tajiri alimpa amshikie alipokuwa akinawa mikono kabla ya chakula, na wote wawili wakasahau. Msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza.

Hadithi ya pili: mjane anamwita mpelelezi. Anasema kila Alhamisi mtu asiyejulikana anamwekea maua mlangoni, naye anaogopa. Mpelelezi anakuja, anauliza, anakunywa chai, anaondoka, anarudi wiki nyingine. Mwishowe anamfuata mjane sokoni na kumwona akinunua maua mwenyewe. Anarudi nyumbani kwa yule mama, anavua kofia, anasema: nimeshindwa, sijampata mtu, nitakuja tena Alhamisi. Msomaji haambiwi habari ya sokoni mpaka mstari wa mwisho.

Tuligombana juu ya mjane kuliko tulivyogombana juu ya kitu chochote.

"Haina mantiki," Nadhir alikuwa akisema. "Kama maua ananunua mwenyewe, mpelelezi anamwitia nini? Si atakamatwa? Mwandishi kateleza."

"Hakuteleza."

"Basi sema sababu."

"Nikikwambia utaiandika upande wako. Tafuta."

Hatukupata kuandika jibu hilo. Alhamisi iliyopita alikuja na jambo jingine. Alisema mama yake amesikia kwamba tunakaa pamoja dirishani. Lalla Zubayda hakupiga kelele, yeye hushona tu kwa kasi zaidi. Alisema: "Msichana wa kusini, mwanangu, nitamuulizia kwa nani? Hapa mjini najua mpaka mbuzi ni wa nani. Huyo simjui hata mlango wao unatazama wapi." Akapitisha kwamba Nadhir akamalizie mwaka Tunis, kwa mjomba wake.

"Nimemwambia nitampa jibu siku ya Maulidi jioni," Nadhir akaniambia. "Kama ninayo sababu ya kubaki, niitaje. Kama sina, nakwenda."

Akanitazama. Alisubiri. Mvua ilikuwa inachora mistari kwenye kioo nyuma yake, na mimi nilikuwa na neno moja tu la kusema, fupi, ambalo hata mtoto analiweza.

"Tunis kuna tramu," nikasema. "Utapanda tramu, utapendeza."

Akaokota vitabu vyake. Ndipo nilipokwenda sokoni kutafuta mbegu za msonobari. Nilifikiri hivi: akiliona bakuli atauliza nani kaleta, akiuliza nitajifanya sijui, akikasirika nitajua anajali, akijali, basi nitasema. Ulikuwa mpango mzuri sana. Mipango yangu yote ni mizuri mpaka ikutane na watu.

*

Alikuja siku ya Maulidi baada ya Adhuhuri, koti limelowa. Kazi ilitakiwa kesho yake, kwa hiyo Khalti Turkia alimruhusu aingie, akakaa mlangoni na soksi yake. Bakuli nililiweka katikati ya meza. Lozi zote zilikuwa zinamtazama yeye.

"Asalaam alaikum, dada Mabruka."

Dada. Muda wote huo nilikuwa naitwa Mabruka, mara moja niliitwa balaa, siku nyingi niliitwa "wewe". Dada sijapata kuwa.

"Waalaikumu salamu, kaka Nadhir," nikasema, nikilitafuta tabasamu lake. Halikuwapo. Akavuta kiti cha mwisho wa meza, si kile cha siku zote. Akaliona bakuli, akageuza macho haraka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

"Tumalize," akasema. "Mama ananingoja."

"Huulizi?"

"Niulize nini?"

"Bakuli."

"Habari ya bakuli nimeshaisikia. Mtaa mzima umeisikia. Sirine ni redio."

"Na unasemaje?"

"Nasema hongera." Akafungua kitabu. "Upande wa msuko umebaki aya moja. Tuseme hadithi ya kwanza inakwenda mbele na ya pili inakwenda kwa kuzunguka?"

"Hongera ya nini, Nadhir? Ya kula asida?"

"Mabruka, tafadhali. Leo usinichezee."

"Sikuchezei."

"Lozi nyeupe."

"Lozi nyeupe zina nini?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala.

"Huku kwetu jirani anapelekewa karanga, anapelekewa kungu, anapelekewa vijipambo vya fedha. Bakuli la lozi nyeupe halipelekwi kwa jirani. Linatoka nyumba ya kijana kwenda kwa mchumba wake, Maulidi ya kwanza baada ya kusoma Fatiha ya posa. Mama anashona nguo za harusi, mimi nimebeba mabakuli hayo tangu nikiwa mtoto. Usiniambie hukujua."

Sikujua. Kwetu Kebili lozi ni lozi. Nilizichagua sokoni kwa sababu zilikuwa nyeupe na zinang'aa, na kwa sababu muuzaji alinitazama kwa upole akasema, "Mungu atimize," nikadhani ni adabu tu ya watu wa mlimani.

Kwa hiyo tazameni hali yangu. Nilitaka kijana mmoja aone wivu kidogo. Nimejiposa mwenyewe mbele ya mji. Na njia ya kutoka ilikuwa moja, nyembamba: kusema hakuna mchumba. Lakini kusema hakuna mchumba ni kusema hakuna aliyeleta. Na kusema hakuna aliyeleta ni kusimama mbele ya Nadhir kama nilivyo hasa, msichana aliyejipikia sikukuu akajipelekea langoni. Afadhali mifupa ya biolojia, ile angalau ina shungi.

"Ndiyo hivyo," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Ndiyo hivyo," akarudia. Akaandika kitu, akakikata. "Ni nani?"

"Humjui."

"Kef hii hakuna nisiyemjua. Tangu jana nimezunguka. Nimekwenda kwa kinyozi. Nimekwenda kwa binamu zangu. Nimeuliza nani amechumbia kusini, wote wananicheka. Sirine kasema ana gari. Nimesimama kituo cha mafuta kwenye mvua natazama wenye magari, Mabruka, natazama nyuso zao. Mmoja kaniuliza kama nimepotelewa na mbuzi."



"Ulikuwa unamtafutia nini?"

"Nimwone. Basi. Nimwone ana nini." Akashika ndewe ya sikio. "Alhamisi ile nilikuuliza. Ungeniambia tu. Ungesema, Nadhir, nina watu wangu. Umeniambia habari za tramu."

"Nilikuwa natania."

"Wewe siku zote unatania. Mtu atajuaje siku ambayo hutanii?"

Mlangoni sindano za Khalti Turkia zilisimama, kisha zikaendelea. Nje mtoto alipita na bakuli lililofunikwa kitambaa, akikimbia kutoka mlango hadi mlango asilowe. Sote wawili tulimtazama mpaka akapotea pembeni.

"Nimekuja na bakuli," Nadhir akasema, bado akitazama nje.

"Nini?"

"La Mama. Nimeliacha kwa bawabu. Wiki nzima nimemsumbua. Nikamwambia, hutaki awe mkweo, sawa, lakini yupo bwenini siku ya kuzaliwa Mtume na hana hata wa kumletea kijiko. Akashona, akashona, leo alfajiri akanyanyuka akapika. Kanipa akasema: mpelekee, mtoto wa watu asikae na njaa ya sikukuu mlangoni petu. Mkwe hajakuwa. Lakini mpelekee." Akafunga kalamu. "Habari za lozi hajazipata bado, alikuwa jikoni tangu alfajiri. Nitaondoka nalo. Msichana aliyechumbiwa haletewi bakuli na nyumba nyingine, ni kumvunjia mwenzake heshima. Nitamwambia nimekukuta una watu wako, basi, nakwenda Tunis."

Mjue kwamba maisha yangu yote ya bweni nilingoja bakuli moja langoni. Sasa lipo, limefunikwa, linapoa kwenye meza ya bawabu, na kilicholizuia lisipande ngazi ni bakuli langu mwenyewe.

"Tuandike kinaya," nikasema, kwa sababu nilihitaji kutazama karatasi.

"Andika wewe, mimi nataja." Sauti yake ilikuwa tambarare. "Katika hadithi ya kwanza, kinaya ni cha kuchekesha. Msomaji anajua saa iko wapi, mpelelezi ndiye hajui. Kadiri anavyotafuta kwa bidii ndivyo anavyozidi kuwa mjinga."

Nikaandika.

"Katika hadithi ya pili, kinaya ni cha huzuni. Mpelelezi anajua, msomaji hajui. Mpelelezi anatumia akili yake yote kutafuta, halafu anaitumia yote kuficha alichokipata."

"Hilo ni zuri."

"Ni lako. Ulilisema mwezi uliopita." "Na bado sijaelewa mjane alimwita mpelelezi wa nini."

"Sitakwambia."

"Najua hutaniambia. Hata hili unakwenda nalo kwa mumeo."

Niliinamisha kichwa. Kalamu yangu ilikuwa inachora mtende pembezoni mwa karatasi safi, mtende mdogo, peke yake, na Sidi Mukhtar hukata alama kwa michoro. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na mzaha hata mmoja. Nilitafuta, kama mtu anayepapasa kiberiti gizani. Hakuna.

Nadhir alikuwa amesimama. Akavaa koti. Kisha akarudi mezani, akalivuta bakuli kwake, akachukua kijiko.

"Nini sasa?" nikasema.

"Ngoja nionje kilichonishinda."

"Si umesema ni kuvunja heshima?"

"Kijiko kimoja. Atanisamehe, ana gari."

Akachota kando, malai na asida. Akatia mdomoni. Akatafuna, jambo ambalo mtu hapaswi kulifanya kwa asida. Uso wake ukabadilika kidogo.

"Ina mchanga."

"Haina mchanga."

"Mabruka, nasikia kwenye meno. Haikuchujwa vizuri. Imechujwa mara moja tu, tena kwa kitambaa chenye matundu. Mama angeona aibu kumpelekea paka." Akaonja tena, akikunja paji la uso. "Nyumba gani hii inampelekea mchumba asida ya namna hii? Mama mkwe wako hajui kupika, au hakupendi."

"Labda ana haraka. Acha, utaumwa tumbo."

"Na lozi zote hizi juu. Mwenye lozi nzuri na asida mbaya." Alikuwa anazungumza peke yake sasa. Kijiko kikazama tena, karibu na katikati.

Na hapa sina budi kuwaambia ninyi wasomaji kwamba niliwaficha jambo moja. Niliwaambia habari za mbegu, malai, lozi na shungi. Sikuwaambia kilichokuwa chini.

"Nadhir, nipe bakuli."

"Kwa nini?"

"Nipe tu. Ni langu."

Nililishika upande mmoja, yeye alikuwa amelishika upande wa pili. Hatukuvutana. Vidole vyetu vilikuwa kwenye ukingo mmoja na hakuna aliyevisogeza. Kijiko kiligusa kitu kigumu kidogo. Akakiinua polepole, na juu yake, nyeusi ndani ya weusi, imelala tende moja, imetolewa kokwa, imetiwa siagi mahali pa kokwa.

Akaitazama kwa muda mrefu.

"Huku hatutii tende," akasema.

Nililiachia bakuli.

"Hakuna nyumba ya Kef inayotia tende ndani ya asida." Aliongea taratibu, kama anasoma kitu kilichoandikwa mbali. "Lakini nimepata kusikia habari ya tende hii. Siku ile ya baridi kali, umeme ulipokatika, tulipokuwa tunangoja. Ulisema bibi yako hutia tende moja chini ya bakuli, imetiwa siagi, na mtoto anayemaliza chakula chake ndiye anayeipata. Ulisema watoto wote wa nyumba walikuwa wanamaliza, na kila mmoja aliikuta, kwa sababu bibi alitia kila bakuli na akawadanganya kwamba ni moja tu."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Nilikuwa nasikiliza."

Mlangoni sindano zilikuwa zimenyamaza kabisa. Niliona mkono wake unapanda kifuani, juu ya mfuko wa koti, ukakaa hapo, kama mtu ambaye amepekua mji mzima na sasa anasikia kitu kinapiga chini ya kitambaa.

"Kituo cha mafuta," akasema. "Kwenye mvua."

"Samahani."

"Kwa kinyozi."

"Nadhir."

Akairudisha tende ndani ya bakuli kwa uangalifu, pale pale katikati, kama kitu cha mtu mwingine kilichookotwa njiani. Kisha akavua koti. Akavuta kiti, si kile cha mwisho wa meza, kile cha siku zote, kilicho karibu na changu, akakaa. Nilitamani anicheke. Kama angecheka ningejua la kufanya, mimi ni bingwa wa kuchekwa. Hakucheka.

"Ulijifichia," akasema kwa sauti ndogo. "Ulitaka uikute mwenyewe."

Nilitazama dirisha. Kulikuwa na mvua nyingi sana dirishani, na nyingine upande wa ndani.

"Haya," akasema. "Sitaandika upande wangu, naapa. Niambie sasa. Mjane alimwita mpelelezi wa nini?"

"Maua alikuwa nayo," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mdogo zaidi. "Maua si tabu, mtu ananunua. Alichokosa ni mtu wa kumuuliza yametoka wapi."

Nadhir alilisogeza bakuli mpaka likakaa kati yetu, akalizungusha, lozi zikapita mbele yangu moja baada ya nyingine. Kisha akaweka mikono yake mezani, akanitazama kama anavyotazama, bila haraka, na akauliza lile swali nililompikia tangu mwanzo.

"Mabruka. Nani kakuletea bakuli hili?"

Nilikuwa na majibu mengi. Kijana. Mwenye gari. Bawabu anasema. Humjui. Yote yalisimama mdomoni kwa mstari, yakiwa safi na yamechanwa nywele, kama wanafunzi wanaongoja kukaguliwa, na mimi nikayatazama yote na nikayaruhusu yaende nyumbani.

"Mimi," nikasema. "Hakuna aliyeleta. Asida ni mimi, lozi ni mimi, kijana ni mimi, na gari pia ni mimi. Sina mtu mji mzima huu, Nadhir, nina wewe siku ya Alhamisi. Na wewe nilitaka ubaki, nikakwambia habari za tramu."